Dawa Isiyogawanyika

Watu wa mtaa wa Nyakasanza, mjini Bunia, walimjua Prudent Mumbere kwa sauti kabla ya kumjua kwa sura. Kila asubuhi, vumbi jekundu la barabara likiwa bado limelala, nyundo yake iliamka na kuanza kupiga bati la pipa kuukuu mpaka bati likubali, lipinde, liwe mbabula. Mama aliyetaka jiko la makaa la kudumu miaka alikwenda kwake. Alimkuta mtu mrefu aliyeanza kuinama mapema, mwenye mabega ya mchimbaji na macho ya mtu anayesikiliza kitu kilicho mbali. Waliomzoea walijua pia kwamba asubuhi kazi yake ilikuwa ovyo ovyo, mikunjo haikulingana, kwa maana mikono ilikuwa ikitetemeka. Kisha aliweka nyundo chini, akavaa shati safi, akaenda kunywa dawa yake kule kwenye kituo cha afya nyuma ya kanisa. Akirudi, mikono imetulia, na mbabula alizozipiga asubuhi alizirudia moja moja.

Dawa hiyo wenyewe waliiita siro. Ilikuwa ya maji, chungu, na muuguzi Annette aliipima mbele ya macho ya mnywaji. Ilikuwa dawa ya watu waliofungwa na tramadol, vidonge vya kuua maumivu.

Prudent hakuzaliwa amefungwa. Alizaliwa kwenye vilima vya Butembo, mtoto wa kwanza wa kiume, ndiyo maana akaitwa Mumbere, na kama vijana wengi wa vilima vile alishuka kuifuata dhahabu. Aliifuata kwenye misitu ya Mambasa, ikamkimbia. Akaifuata hadi Mongbwalu, ikasimama kidogo. Huko alikutana na Espoir, kijana wa Aru aliyecheka kwa sauti kubwa kuliko mwili wake, wakawa ndugu wa kamba.

Ndugu wa kamba ni nani? Ni hivi. Shimo la dhahabu ni jembamba na refu kama koo. Mmoja anateremka, mwingine anabaki juu ameshika kamba. Wa juu hamwoni wa chini. Anachomiliki ni sauti tu. Kwa hiyo anainama na kuita, "Uko?" Na kutoka tumboni mwa udongo inarudi sauti, "Niko." Anangoja kidogo, anaita tena. Siku jibu lisiporudi, hakuna kuuliza kwa nini: kamba inavutwa.

Na shimo lina sheria nyingine, kongwe kama kamba yenyewe. Chochote kinachoingia mkononi mwa mmoja ni cha wote. Sigara inavutwa kwa zamu. Kiazi kinakatwa. Anayekula peke yake, dhahabu inamkimbia, na si yeye tu, inawakimbia hata wenzake. Prudent aliiamini sheria hiyo kuliko alivyoziamini amri nyingi alizofundishwa katekisimu.

Tramadol iliingia shimoni kwa sheria hiyo hiyo. Mwenye shimo, ambaye wachimbaji humwita PDG, alileta vidonge pamoja na chai. Kidonge kilifuta maumivu ya mgongo. Kilifuta njaa. Kilifuta hofu ya ule mlima mzima unaoning'inia juu ya kichwa. Vilipokuwa vichache, walivivunja kwa meno, nusu yako, nusu yangu. Na kitu kinachofuta hakijui kuchagua: mwishoni kilianza kumfuta hata Dorothée.

Dorothée alikuwa binti wa Mahagi-Port, aliyekuja Mongbwalu kuuza samaki wakavu wa ziwani, akabaki kwa ajili ya Prudent. Walizaa msichana, Jemima. Siku moja Prudent alianguka kwa kifafa cha vidonge, mtoto akiwa mikononi mwake. Mtoto hakuumia. Dorothée alimwokota, akamfuta vumbi, akaanza kukunja vikwembe vyake vya kitenge taratibu, bila kelele.

"Sikufukuzi, Baba Jemima," alimwambia alipozinduka. "Narudisha mutoto kwetu. Siku utakuya weye mwenyewe, bila ile kitu, mulango iko wazi."

Ndiyo sababu Prudent alikuja Bunia. Alisikia kuna kituo kinachojaribu kuwafungua watu kama yeye. Nafasi zilikuwa chache kwa kuwa dawa ilitoka mbali. Alingoja, akapata. Siro ilimrudishia usingizi, ikamrudishia njaa, ikamrudishia aibu, ambayo nayo ni dalili ya uzima. Lakini mkono ule uliomwokoa ulimfunga kamba mguuni. Siro ilinywewa kila siku, hapo hapo kituoni. Jumapili peke yake, Annette akiwa na zamu ya kuhudumia wagonjwa wengine, kila mmoja alipewa Jumamosi chupa ndogo ya kunywea nyumbani. Mahagi-Port iko mbali, na barabara yake ina siku za kupitika na siku za kukaa nyumbani na kusali. Chupa ya siku moja haifiki.

Jemima, aliyekuwa ameshakua, alikuwa akijiandaa kwa komunyo ya kwanza. Ilipangwa siku ya Pentekoste. Kwenye simu aliuliza swali lile lile kila juma, kwa sauti ya mtoto anayejaribu kuonekana hajali.

"Papa, utakuya?"

"Naomba Mungu, mama."

"Naomba pia," alisema Jemima. "Basi siye babili, weye na miye."

*

Ilikuwa Jumapili ya kiangazi, kengele za kanisa zikigombana, Espoir alipotokea mlangoni. Alikuwa amekonda mpaka kicheko chake kilikosa mahali pa kukaa. Alitetemeka kama bati linalogongwa.

"Yaya Prudent," alisema, kwa neno la heshima la kaka mkubwa. "Shimo ya PDG ilianguka. Hakuna kazi, hakuna kidonge. Mwili yangu inalia. Nasikia hapa banakupatiaka dawa."

"Iko ya docta, ndeko, ndugu yangu. Kesho nitakupeleka."

"Kesho ni mbali." Espoir aliitazama chupa iliyokuwa juu ya meza. "Ni ile?"

Prudent aliifunika chupa kwa kiganja.

"Weye ni ndugu yangu wa kamba, ao umekuwa mutu wa ofisi?"

Alimtazama mtu aliyemshikia kamba misimu yote ile, ambaye hata mara moja hakuchelewa kuita. Alichukua kikombe cha bati, akamimina nusu. Nusu ya dawa ya mtu mmoja, aliwaza, itamdhuruje mtu mmoja? Ile nusu nyingine akanywa yeye, mbele ya rafiki yake, wakitazamana, kama walivyofanya na kila kitu. Hakujua kwamba Espoir, njiani, alikuwa ametuliza mtetemeko kwa lotoko, pombe kali inayochoma koo na kulaza akili. Hakujua pia kwamba mwili uliozoea siro na mwili usioizoea ni vyombo viwili tofauti; kinacholowesha kitako cha kimoja kinafurisha kingine.

Espoir alilala mkekani, uso umelegea kwa raha. Prudent akakaa nje kuchambua haragi, maharagwe ya mchana. Baada ya muda alisikia mkoromo wa ajabu, kama maji yanayotafuta njia kwenye bomba lililoziba. Kisha mkoromo ukawa unakuja, unakatika, unakawia kuja tena. Aliinua kichwa.

"Espoir! Uko?"

Haragi zilimwagika. Ndani, midomo ya Espoir ilikuwa na rangi ya majivu. Prudent hakuuliza kwa nini. Kamba inavutwa. Alimbeba begani, akatoka naye barabarani, na jirani mwenye pikipiki aliyekuwa amevaa suti ya misa aliwapakia wote wawili bila kuuliza nauli.

Annette alikuwa peke yake kituoni. Alimfungua Espoir jicho, akaona mboni imekuwa ndogo kama tundu la sindano.

"Amekunywa nini?"

Prudent alijua jibu lilikuwa na bei. Aliyekutwa akitoa siro nje angeweza kuondolewa. Ilisemwa siku ya kwanza, ikarudiwa. Ataondolewa, atarudi kutetemeka, Pentekoste itapita. Yote hayo yalimpitia kichwani kwa muda wa pumzi moja, na Espoir hakuwa na pumzi ya kumkopesha.

"Siro yangu. Nusu. Nilimupatia miye."

Annette hakupoteza neno. Alichoma sindano ya kuamsha pumzi, akaanza kumpulizia hewa kwa mpira wa mkono, mpaka Espoir akavuta pumzi ndefu yenye kelele, kama mtu anayetoka chini ya maji, akafungua macho na kutukana. Prudent hakuwahi kusikia tusi tamu namna ile.

"Usifurahi sana," alisema Annette, jasho likimtiririka. "Sindano hii ni mugeni wa haraka. Siro ni mugeni wa kulala. Sindano itatoka, siro itabaki, atazama tena. Lazima mutu akae naye. Akisinzia, umwamushe. Akikosa kupumua, uniite."

Prudent akakaa. Kazi hiyo alikuwa anaijua. Mchana kutwa, kanisani wakiimba na kumaliza na kutawanyika, alimwinamia rafiki yake kila baada ya muda.

"Uko?"

"Niko," alijibu Espoir, mara kwa hasira, mara kwa kidole tu. Annette alirudi na sindano yake tena kabla jua halijaegemea magharibi. Ndipo pumzi ikapata njia yake yenyewe.

*

Kesho yake daktari Valérie, mkuu wa kituo, alimwita Prudent. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ya chini, na siku hiyo sauti hiyo ilikuwa chini zaidi.

"Prudent. Ulitaka kuua mutu?"

"Hapana, docta. Nilitaka kugawa."

Daktari aliweka kalamu chini. Akatazama dirishani, kwenye benchi walikokaa wanywaji wengine.

"Baba yangu alichimba dhahabu kule Kilo," alisema mwishowe. "Nilikula kiazi cha kukatwa tangu nina meno mawili. Nilifunga siro kwa kufuli mbili sababu niliogopa wezi. Wezi! Na sheria ya shimo naijua kama jina langu. Nilisahau tu kwamba nayo itaingia na nyinyi kwa mulango." Alipangusa miwani. "Sitakufukuza. Ulisema ukweli haraka, ndiyo maana yule iko hai. Lakini chupa za Jumapili zimekwisha. Kwa wote."

Alipowauliza wa benchi, mmoja mmoja, bila ukali, ilijulikana kwamba karibu kila mtu alikuwa ameshampa mtu fulani fundo moja. Shemeji, mke, jirani mwenye mgongo. Hakuna aliyeuza. Mungu tu ndiye aliyeziba makaburi.

Tangu hapo kila Jumapili iliwabidi waache misa katikati, waje kunywa mbele ya Annette. Na benchi halikumsamehe Prudent upesi.

"Ee, padiri wa siro!" walimwita akitokea. "Leo unakomunisha nani?"

"Mumuache. Atatubariki na kikombe cha bati!"

Prudent alikunja uso kuwa tabasamu, akakaa mwisho wa benchi. Maneno hayo hayakumuuma. Kilichomuuma kilikuwa nyumbani kwake, kikikunja bati vibaya kwa mikono inayotetemeka: Espoir. Nafasi hakupata. Kituo kilikuwa kimejaa, na kabla ya juma kwisha alikuwa amekwisha kujua kona za soko zinazouza tramadol. Prudent alimwona akitoka, akamwona akirudi na macho yaliyofutwa. Alimwita, "Uko?" Espoir alisema, "Niko," lakini sauti ilitoka kina kirefu mno.

*

Mvua ziliporudi, daktari Valérie alimwita Prudent tena. Mezani palikuwa na kisanduku kidogo kutoka kwenye friji.

"Dawa hii ni mupya hapa kwetu," alisema. "Huko ingine wanaitumia. Siye tunataka kuona kama itafaa watu wa mugodi na wa barabara mubaya. Nitakuambia vizuri, na uko huru kukataa. Siro haina dari. Ukizidisha inazidi, mpaka inafunga pumzi. Hii iko na dari: inapanda kidogo, inagonga, inasimama. Tunaichoma chini ya ngozi ya tumbo, inabaki humo kama punje, inatoka polepole mwezi muzima. Huhitaji kuja kila siku."

Mwezi mzima. Moyo wa Prudent ulitangulia kwenda ziwani, ukaona nguo nyeupe ya Jemima. Kisha ukarudi.

"Na haigawanyiki," alisema.

"Haigawanyiki. Ndiyo uzuri wake."

Kwa daktari ulikuwa uzuri. Kwa Prudent lilikuwa neno gumu. Tangu ujana hakuwahi kubeba kitu ambacho asingeweza kumkatia mwenzake nusu. Angembeba Espoir begani, lakini dawa hii angeila peke yake, chini ya ngozi yake, kama mchoyo anayekula gizani.

"Na mahali pangu pa siro?" aliuliza. "Pale kwa benchi. Nikitoka?"

"Patakuwa wazi."

"Unaweza kumuweka Espoir?"

Daktari Valérie alifungua daftari la majina. "Kama ukivuka kwa hii dawa, ndiyo. Lakini kuvuka kuna kazi. Dawa hii haipatani na siro ndani ya mwili. Zikikutana kwa haraka, ya pili inaing'oa ya kwanza kwa nguvu, unaumwa kama umechunwa. Lazima tungoje siro itoke. Utatetemeka kama zamani. Ukishindwa ukameza kidonge chochote, hatuwezi kuchoma, na unarudi kwa siro. Mahali pako panabaki pako."

"Basi nitatetemeka," alisema Prudent.

Walimpa chumba cha nyuma, chenye kitanda kimoja na dirisha linalotazama nguo za wagonjwa zilizoanikwa. Espoir akakaa naye. Siku ya kwanza Prudent alitoa jasho na kupiga miayo, wakasimuliana habari za PDG na chai yake. Kisha siro ilianza kumtoka kweli. Mifupa ililia. Miguu ilikimbia bila kwenda. Alitapika mpaka akatapika sauti. Annette alimpa dawa ya kutuliza tumbo na maji ya chumvi, akamwambia bado, mwili haujawa tayari, ngoja. Prudent alimfikiria Jemima akamkosa. Maumivu yalikuwa yamesimama mbele ya kila kitu.

Annette alipotoka, Espoir alisogea. Machozi yalikuwa yakimtoka kwa kumwona mwenzake vile. Aliingiza mkono mfukoni, akatoa kidonge, akakiuma katikati kwa meno, kama zamani. Nusu moja akaiweka kwenye kiganja, akakinyoosha kiganja kile juu ya blanketi.

"Yaya. Kamata. Nusu yako, nusu yangu. Siwezi kukuona hivi."

Prudent aliitazama ile nusu nyeupe. Mwili wake wote ulikuwa mdomo mmoja uliofunguliwa. Hakuwahi maishani kukataa mkono wa Espoir; hata kaka wa tumbo moja hakataliwi namna hiyo shimoni. Aliona mkono ule ukitetemeka, wenye makovu ya kamba yanayofanana na yake, na akajua kwamba hakuna zawadi safi kuliko hiyo chini ya jua, na kwamba akiipokea watazama wote wawili.

Alikikunja kile kiganja, kidole kwa kidole, mpaka kidonge kisionekane.

"Mukono yako naiona, ndeko," alisema, meno yakigongana. "Lakini leo sigawi."

Espoir alirudi nyuma kama aliyepigwa kofi. Alitoka nje. Alikaa huko muda, na aliporudi Prudent aliyajua macho yake: alikuwa amemeza nusu zote mbili. Hakumkaripia. Alifumba macho na kugeukia ukuta, akiogopa kwamba sasa yuko peke yake kweli, chini kabisa, na hakuna mtu juu.

Ndipo, nyuma yake, kwa sauti iliyochoka:

"Uko?"

Prudent alitoa mkono chini ya blanketi. Aliinua kidole.

"Hapana. Sema. Uko?"

"Niko."

Espoir aliita hivyo mpaka Annette akaja, akamtazama Prudent mboni, akamgusa ngozi iliyosimama vinyweleo, akasema, "Sasa." Walimwekea kwanza kidonge cha dawa ile mpya chini ya ulimi, wakangoja kiyeyuke wakimwangalia. Maumivu hayakukimbia, yalikaa chini, kama mbwa aliyesikia sauti ya mwenye nyumba. Baadaye ikaja sindano ya tumbo.

*

Juma la Pentekoste barabara ilikuwa katika zile siku zake za kupitika. Kwenye kituo cha magari ya Mahagi, Espoir alimbebea Prudent mfuko na mbabula ndogo iliyopigwa vizuri, zawadi ya Dorothée. Mikunjo miwili ilikuwa ya Espoir. Haikulingana, lakini ilishika.

"Gari haijajaa," alisema Espoir. "Nitangoja na weye."

"Annette atafunga."

"Atanigombeza tu."

"Nenda unywe."

Espoir alicheka, na kicheko kilikuwa kimeanza kupata mahali pa kukaa. "Pale mwisho ya benchi bananiita vikari. Vikari, musaidizi wa padiri wa siro." Alimshika bega, akaondoka upesi kati ya pikipiki na akina mama wauza majani ya sombe, akienda kunywa mahali pa Prudent.

Prudent alipanda, akakaa dirishani, mbabula mapajani. Dereva aliwasha injini. Chini ya shati aliweka kidole tumboni, pale palipovimba kidogo kama punje ya haragi chini ya ngozi. Jemima angetaka kuigusa, alijua. Watoto hutaka kugusa kila kitu. Angemruhusu. Kilikuwa kitu chake peke yake, cha kwanza maishani, na gari lilipovuka mji na kuanza kupanda, aliuacha mkono wake hapo hapo, juu ya kitu ambacho hakuweza kumpa mtu nusu.